Mtu Akianguka Ghafla: Dakika za Mwanzo ni Amana ya Aliye Karibu

Kutoka kwa Katibu



Kila msimu wa kuchuma unapokaribia, wengi wetu huvuka maji kwenda Dar es Salaam kununua turubai za kuanikia, kamba, magunia, mapanga na vipuri vya pikipiki. Safari hiyo kwa kawaida huishia Kariakoo na Gerezani, mahali ambapo watu, mikokoteni, bajaji na malori hugombania njia moja tangu alfajiri. Mara nyingi tumeulizwa na wanachama: "Mtu akianguka pale mbele yetu, nasi si madaktari, tufanye nini?" Katika toleo hili twajibu swali hilo kwa urefu, kwa kuwa jawabu lake lafaa Gerezani, na lafaa vilevile chini ya mkarafuu.

Jawabu kwa ufupi ni hili. Daktari ndiye atibuye, lakini dakika za mwanzo hazimkuti daktari. Zamkuta muuza maji, mchukuzi, abiria, na msafiri kama wewe. Aliye karibu ana kazi tatu tu: kuzuia majeruhi asizidi kuumia; kuhakikisha pumzi yapita na damu haimwishi; na kumfikisha kwa wenye ujuzi. Mengi yafanywayo na watu zaidi ya hayo matatu, ijapokuwa kwa nia njema, huleta madhara.

YALIYOTOKEA KARIAKOO

Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, katika Mitaa ya Mchikichi na Kongo, si mbali na Gerezani. Watu zaidi ya 20 walifariki, na zaidi ya 80 waliokolewa wakiwa hai. Kazi ya uokoaji iliendelea kwa siku kadhaa.

Kabla ya mitambo kufika, waliokuwa wa kwanza kwenye kifusi ni wafanyabiashara, wachukuzi na wapita njia. Walishika nyundo na wengine wakatumia mikono mitupu. Wapo walioko duniani leo kwa sababu ya mikono ile. Baadhi ya walionaswa chini waliweza kuzungumza na waokoaji, nao wakapelekewa hewa ya oksijeni na maji kabla ya kufikiwa.

Hapo twapata mafunzo mawili. La kwanza, msaada wa mwanzo hutoka kwa jirani. La pili, aliyebanwa na kifusi havutwi kwa nguvu. Mtu aliyebanwa mguu kwa muda mrefu, damu yake hukusanya sumu katika nyama zilizogandamizwa. Akifunguliwa ghafla, sumu ile hukimbilia moyo na mafigo. Kwa hiyo, kama waokoaji wako njiani, zungumza naye, mkinge vumbi puani na mdomoni kwa kitambaa, zuia damu unayoiona, na uandike saa aliyobanwa. Watakapofika waokoaji waambie saa hiyo. Khabari hiyo moja yaweza kumwokoa.

KWANZA TAZAMA, KISHA ITA, NDIPO UGUSE

Mwenye haraka ya kusaidia huweza kuwa majeruhi wa pili. Kabla ya kumsogelea aliyeanguka tazama juu, chini na pembeni. Je, kuna waya wa umeme? Kuna gari linalokuja? Kuna ukuta uliopasuka? Mtu aliyeshikwa na umeme usimguse kabisa mpaka umeme uzimwe kwenye swichi kuu. Penye waya wa nguzo ulioanguka barabarani, kaa mbali na uwazuie wengine.

Kisha mpe kila mtu kazi kwa kumwonyesha kidole. Ukipiga kelele "Leteni gari!" watu mia watatazamana. Sema: "Wewe mwenye kanzu, piga simu. Wewe dada, nipe mtandio. Nyinyi wawili, warudisheni watu nyuma apate hewa." Namba za kukumbuka ni 112 ya polisi na 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kwa mama mjamzito au aliyejifungua, pamoja na mtoto mchanga, iko namba 115 ya mpango wa m-mama. Taja mtaa, kisha taja kitu kinachojulikana: kituo cha mwendokasi cha Gerezani, msikiti, benki, au soko lenyewe.

PUMZI

Mguse mabega, useme kwa sauti: "Mzee wangu, wanisikia?" Asipojibu, mlaze chali, inua kidevu chake kidogo ili ulimi usizibe koo, kisha tazama kifua kwa sekunde zisizozidi 10. Ikiwa kifua chapanda na kushuka sawasawa, na hakuanguka kutoka juu, mgeuze alale ubavu, mdomo ukielekea chini. Akitapika, matapishi yatatoka nje badala ya kuingia mapafuni. Fungua vifungo vya shingo, wala usimwache peke yake.

Asipovuta pumzi, au akitweta mara moja moja kama samaki aliyetolewa majini, hesabu kwamba moyo umesimama. Kutweta huko si pumzi, na wengi hudanganyika hapo. Piga magoti ubavuni kwake. Weka kiganja katikati ya kifua, weka kiganja cha pili juu yake, nyosha mikono, ubonyeze kwa nguvu kiasi cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila ukibonyeza uachie kifua kirudi juu. Mkiwa wawili au zaidi pokezaneni kila dakika 2, kwa kuwa kazi hiyo yachosha kuliko kulima. Aliyefundishwa atampulizia pumzi 2 kila baada ya kubonyeza mara 30. Asiyefundishwa aendelee kubonyeza tu. Khasa mtoto mdogo, na aliyezama majini, ndio wenye haja kubwa ya kupuliziwa.

Elimu hii si ya siku nyingi. Mwaka 1960 wataalamu watatu wa Baltimore, Marekani, ndio William Kouwenhoven, James Jude na Guy Knickerbocker, walitangaza kwamba moyo uliosimama waweza kusaidiwa kwa kubonyeza kifua kutoka nje. Kabla ya hapo daktari alikuwa akipasua kifua na kuushika moyo wenyewe. Baada ya hapo kazi ile iliwezekana kwa mtu yeyote mwenye mikono miwili. Usiogope kuvunja ubavu. Ubavu huunga, na moyo uliosimama hausubiri.

DAMU

Gerezani kuna mafundi wa vyuma, na shambani kuna mapanga. Jeraha kubwa la mkono au mguu laweza kummaliza mtu kwa dakika chache, na dawa yake ya kwanza ni mkono wako. Chukua kitambaa safi kuliko vyote vilivyopo, kiwe leso, kanga au mtandio, ukibonyeze juu ya jeraha lenyewe kwa nguvu zako zote. Bonyeza dakika 10 bila ya kufunuafunua kutazama. Kila ukifunua waondoa damu iliyoanza kuganda. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Mlaze majeruhi chini, umfunike asipate baridi.

Kitu kilichochoma na kubaki ndani, kama nondo, kisu au kipande cha bati, usikichomoe, kwani huenda ndicho kilichoziba mshipa. Kizungushie vitambaa kisitikisike, mpelekeni nacho.

Ikiwa damu yaruka kutoka mkononi au mguuni na kubonyeza hakufui dafu, ndipo utafunga. Tumia kitambaa kipana cha vidole vitatu, si kamba wala waya. Funga juu ya jeraha kiasi cha sentimita 5 hadi 8 upande wa moyo, pasipo na kiungo, ukaze kwa kijiti mpaka damu isimame. Andika saa uliyofunga, usifungue tena hata mfike kwa daktari. Majivu, kahawa, mafuta ya taa na udongo havina kazi katika jeraha ila kuleta uchafu.

ALIYEANGUKA KUTOKA JUU

Mkarafuu mkubwa hupita mita 10, na mti wake ni mwepesi wa kukatika tawi. Gerezani na Kariakoo mna majengo yanayojengwa, na wachukuzi wanaopanda juu ya malori yenye mizigo. Anayeanguka kutoka huko huenda amevunjika uti wa mgongo, na khatari kubwa kwake ni wale wanaomkimbilia. Mmoja humkalisha, wa pili humnyanyua kwapani, wa tatu humpa maji. Kisha huwekwa kwenye pikipiki kwa mtindo wa mshikaki, dereva mbele na mshikaji nyuma, kichwa kikiyumba. Mtu aliyekuwa akichezesha vidole vya miguu anapoanguka, huweza kufika hospitali hana miguu ya kusimamia tena.

Fanyeni hivi. Mwambieni asijisogeze. Mmoja apige magoti kichwani kwake, ashike kichwa kwa mikono miwili kikae sawa na kiwiliwili, wala asiachie. Mwulizeni kama ahisi vidole. Kama gari la wagonjwa laja, msubirini hapo hapo. Kama halipo, na twajua mashambani kwetu aghlabu halipo, tafuteni mlango au ubao mpana. Watu wanne wamgeuze kwa pamoja kama gogo moja, amri ikitolewa na aliyeshika kichwa, ubao uingizwe chini yake, kisha afungwe kwa kanga asiteleze. Akitapika ageuzwe vivyo hivyo, mwili mzima kwa pamoja. Gari la kubebea mizigo lenye ubao, likienda polepole, ni bora mara kumi kuliko pikipiki iendayo mbio.

Iko hali moja tu ya kumwondoa bila ya kungoja ubao: moto, maji, au kitu kinachokaribia kumwangukia. Na ikiwa havuti pumzi, pumzi hutangulia mgongo.

WANAODHANIWA WALEVI AU WENYE SHETANI

Kuna maradhi matatu yanayompata mtu barabarani naye akadhaniwa mengine. Twayaeleza kwa urefu kwa kuwa katika maradhi haya aibu na dhana mbaya huzuia msaada.

La kwanza ni sukari kushuka. Mwenzetu mmoja, aliyeturuhusu tusimulie bila ya kumtaja jina, ni mgonjwa wa sukari anayejichoma sindano. Alijichoma alfajiri, akawahi boti bila ya kula. Alipofika karibu na kituo cha Gerezani alianza kutoka jasho, kutetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka, na alimsukuma aliyejaribu kumshika. Watu wakasema, "Mwacheni, amelewa." Bahati njema alifuatana na mpwa wake, naye alijua. Alinunua soda ya sukari kwa muuza vinywaji, akamwambia, "Mjomba, kunywa hii," naye akanywa. Baada ya robo saa alijitambua, akapewa mkate, kisha akapelekwa kuangaliwa.

Hukumu yake ni hii: mgonjwa wa sukari mwenye dalili hizo, maadamu aweza kumeza, apewe kitu kitamu mara moja. Akiwa amezimia asitiwe chochote mdomoni, kwa kuwa kitaingia mapafuni. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali. Mchana wa Ramadhani akiona dalili hizi afuturu papo hapo. Sheria imemwondolea mgonjwa dhiki, wala asijione amefanya kosa.

La pili ni kifafa. Anayetikisika usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnusishe kiatu wala kiberiti. Ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, mwekee kitu laini chini ya kichwa, utazame saa. Kikiisha mlaze ubavu. Kikizidi dakika 5, au kikirudi kabla hajajitambua, au akiwa mama mjamzito, hiyo ni safari ya hospitali. Povu la mdomoni haliambukizi kifafa.

La tatu ni kiharusi. Mtu amesimama dukani, ghafla mdomo umekwenda upande, mkono mmoja umelegea, maneno yamekuwa mazito. Mwambie acheke, ainue mikono miwili, aseme jina lake. Moja katika matatu hayo likimshinda, usimpe chakula, maji wala dawa. Tazama saa dalili zilipoanza, mkimbize. Kiharusi cha mshipa ulioziba kina dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, nayo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza. Kumrudisha nyumbani akapigwe mafuta kwanza ni kuipoteza nafasi hiyo.

KUPALIWA NA KUUNGUA

Anayepaliwa na tonge akiweza kukohoa, mwache akohoe. Asipoweza kukohoa wala kusema, mwinamishe mbele umpige kwa kiganja mara 5 katikati ya mabega. Ikishindikana, simama nyuma yake, zungusha mikono, weka ngumi juu ya kitovu, uvute ndani na juu mara 5. Rudia moja baada ya jingine. Kwa mjamzito ngumi iwekwe katikati ya kifua. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini, umpige mgongoni mara 5, kisha mgeuze umbonyeze kifuani kwa vidole viwili mara 5.

Aliyeungua mwagie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, si barafu. Vua pete na bangili kabla hajavimba. Dawa ya meno, yai, asali na mafuta visipakwe. Huficha joto ndani na humpa daktari kazi ya kukwangua. Funika kwa kitambaa safi kisichonata.

KUFIKA HOSPITALI

Wanachama wayajue majina haya mapema. Dar es Salaam kuna Hospitali ya Mnazi Mmoja, nayo si ile ya Unguja. Mtu akikuambia kwa simu "yuko Mnazi Mmoja" muulize ya wapi. Kuna Amana, huko Ilala. Na kuna Muhimbili, Upanga, ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Princess Margaret tangu mwaka 1956. Muhimbili ilifungua idara yake ya tiba ya dharura mwaka 2010, na ndani ya eneo lake mna taasisi ya mifupa na taasisi ya moyo.

Ajali ya barabarani, kupigwa au kukatwa huandikiwa karatasi ya polisi iitwayo PF3. Gawaneni: mmoja aende kituo cha polisi kuitafuta, wengine waendelee na majeruhi kwenda hospitali. Majeruhi asizungushwe mjini akitafutiwa karatasi. Anayemfikisha aeleze mambo manne: yametokea saa ngapi, yametokea vipi, mmemfanyia nini, na ana maradhi gani au atumia dawa gani.

YANAYOTAKIWA KWA MATAWI

Haya yote huingia akilini kwa kusoma, lakini mikono haijui mpaka ifanye. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1962, hufundisha huduma ya kwanza, na Jumamosi ya pili ya kila Septemba ni siku ya huduma ya kwanza duniani. Twaliomba kila tawi litoe watu wawili, mwanamume na mwanamke, wajifunze kabla ya kupanda mkarafuu wa kwanza. Waliochaguliwa watajwe majina yao mbele ya wachumaji, ili siku ya siku ijulikane ni nani wa kuitwa.

Twaomba pia kila tawi liwe na sanduku la vitu hivi: bandeji pana, shashi, vitambaa vya pembe tatu, glavu, mkasi, sabuni, sukari au glukosi, tochi, kalamu na daftari. Ubao mpana wa kubebea uwekwe penye kivuli, usitumiwe kuanikia karafuu. Na kila mwanachama mwenye sukari, kifafa, presha au maradhi ya moyo aweke mfukoni kikaratasi chenye jina lake, maradhi yake, dawa zake na namba ya simu ya jamaa yake, na amwambie mwenziwe wa safari kabla boti haijang'oa nanga. Si aibu. Aibu ni kumwacha mwenzio akisie, na ilhali wewe huwezi kusema.

Ajali haina kinga, bali madhara yake yana kinga, na sehemu yake kubwa imo mikononi mwa aliye karibu. Makatibu wa matawi watuletee majina ya hao watu wawili pamoja na orodha ya vilivyomo sandukuni kabla ya mkutano ujao, tuyasome mbele ya wote.

Wabillahi tawfiq.